Kufuli la Philomena Drake

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Philomena Drake anatua bisibisi baada ya miaka thelathini na tisa ya kuunganisha umeme wa meli katika yadi yetu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa heshima zote. Nimejaribu, jamani, lakini aliyefundishwa na Mena hawezi kumwandika huku amekunja uso.

Aliingia hapa akiwa mwanagenzi wa kwanza wa kike, msichana mwembamba kutoka kijiji cha Lamaline. Mwalimu wake alikuwa Leo Hanrahan, fundi mnene ambaye yadi nzima ilimwita Mjomba. Mjomba alifurahi waziwazi kumpata, kwa kuwa Mena alipenya kule ambako yeye tumbo lilimkwamia. Mwaka wa kwanza wote binti alivuta nyaya chini ya sakafu ya injini, akitoka huko mweusi tii, anacheka. Siku mafundi walipomtuma stoo akalete ndoo ya umeme, alirudi na ndoo ya maji akammwagia aliyemtuma. Hakutumwa tena.

Sheria yetu mnaijua. Kabla ya kushika waya unafunga swichi yake kwa kufuli lenye jina lako, na ufunguo unakaa nao mwenyewe. Kufuli likiwapo, mtu yumo kazini. Mwingine haligusi, awe meneja, awe askofu.

Basi mwaka wa pili, Ijumaa moja, Mena alifunga swichi ya pampu ya kupozea injini, akamaliza kazi yake vizuri, akakumbuka kuwa kesho yake dada yake anaolewa, akatoka mbio. Kufuli akaliacha palepale.

Jumamosi asubuhi meli mpya ilikuwa inakwenda majaribio. Wageni wamekwisha kupanda, bendi inapiga, chai imepikwa ya kutosha kuogelea. Nahodha akaamuru pampu iwashwe. Kimya. Kwenye swichi wakakuta kufuli limeandikwa DRAKE.

Msimamizi akaagiza mkasi wa kukatia chuma. Mjomba Leo akaikinga swichi kwa tumbo lake lote.

"Toka hapo, Leo. Maji yanakupwa."

"Yapwe. Mtoto wa watu yumo humu, na hapawashwi kitu mpaka nimwone."

Kwao Mena simu iliita weee, ukoo mzima uko kanisani. Mjomba akashuka kumtafuta. Alitambaa katika kila tangi na kila upenyo, hata kule alikokuwa akikwama tumbo, akiita "Mena, mwanangu," mpaka sauti ikamkauka.

Bahati nzuri mlinzi wa getini alikumbuka habari za harusi, akatuma gari. Mena aliletwa na gauni la waridi la msindikiza bibi harusi, viatu mkononi, ufunguo ukiwa kwenye kipochi pamoja na rangi ya midomo. Wafanyakazi walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa akiipenda kazi ile kufa, na alijua inamponyoka. Alifungua kufuli, na msimamizi akamwambia asirudi Jumatatu.

Hapo ndipo Mjomba alipochomoza sakafuni, shati limechanika, grisi mpaka kwenye nyusi. Akamkumbatia, gauni likawa jeusi, naye akalia mbele ya wageni.

"Nilidhani natafuta maiti, mwehu we." Kisha akamgeukia msimamizi. "Ukimfukuza, na mimi naondoka. Wenzake bado hawajui kufuli ni la nini. Huyu sasa anajua."

Meli iliondoka kwa kuchelewa, na Mena akarudi kupigwa picha za harusi na grisi yake. Mama yake hajalisahau gauni lile hadi leo.

Baadaye akawa fundi mkuu, akatufundisha sisi. Kila jioni alituita mmoja mmoja, na hakutoka getini kabla hajatuona kwa macho, hata theluji ikifika magotini. Tulimtania kuwa ni kuku na vifaranga wake. Alitujibu tunyamaze tujitokeze.

Asante, Mena. Kalale mpaka saa nne, kavue samaki, kamchokoze mama. Wanagenzi wako wote tumerudi kwetu kwa miguu yetu wenyewe.