Nywele za Yokasta

Uvumi ulimkaa Eneida kichwani tangu Jumapili kanisani: eti chuoni, kwenye wiki ya Walatino wenye asili ya Afrika, wasichana wananyoa nywele zote zilizonyooshwa kwa dawa. Jumatatu alimwandikia bintiye Yokasta, anayesoma huko, "Ukinyoa, usirudi kwangu." Mpaka Alhamisi alikuwa hajajibiwa. Siku hiyo alipanda basi la Bronx, New York, lipandalo kilima kuelekea chuoni, naye hakutulia kitini.

Mbele yake bibi mmoja wa Jamhuri ya Dominika alimgeukia msichana mwenye nywele zilizosimama, aliyekuwa akigonga ngoma mapajani. "Mjukuu wangu, umetoka nyumbani hujachana?"

"Nimechana, bibi. Ndivyo zilivyo."

"Nywele mbaya hizo! Na usijiite mweusi, rangi yako si nyeusi. Kwetu Santo Domingo, mtu wa rangi yako kwenye kitambulisho tunamwandika Mhindi Mwekundu."

"Mhindi Mwekundu wa wapi, bibi? Babu yangu alikuwa mweusi kama sufuria ya wali!"

"Shii! Watu wanasikia."

"Wasikie. Ndiyo sherehe yetu leo."

"Na mama yako anasemaje?"

"Alisema nikinyoa nisirudi. Mwaka wa pili huu sijala kwake."

"Alisema kweli!" bibi alifoka. Msichana akacheka, lakini vidole vyake viliacha kugonga ngoma.

Basi likasimama. Eneida akashuka kwanza, simu mkononi, akitafuta namba ya Yokasta.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kuziita nywele za mtoto mbaya.

Kumtisha kwa maneno ya watu.

Kuufanya mlango wa nyumbani adhabu.

Kungoja yeye apige simu kwanza.