Mzee Visigino na Buti za Kujaribia

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Visigino atavua ovaroli yake karakana kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia duka letu la pikipiki za matope kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Meneja aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu: kurasa mbili, uchangamke, uwafurahishe wageni wa sherehe. Kurasa mbili nimezitimiza. Kwa hayo mengine mtanisamehe.

Alikuja hapa akiwa na miaka thelathini na mitatu, fundi wa baiskeli aliyechoshwa na baiskeli. Miaka miwili ya kwanza aliziba pancha na kukaza spoki. Mwaka wa tatu akahamishiwa kwenye ukumbi wa mauzo, na msidhani ni kwa sababu alijua kuuza. Kuuza hajui mpaka leo. Alihamishwa kwa kuwa pikipiki zilikuwa zikitoka Jumamosi na kurudi Jumatano zimepinda usukani, na wenyewe wakirudi nazo huku mkono umefungwa plasta. Meneja wa wakati huo alitaka mtu wa kusimama kati ya mnunuzi na tamaa yake.

Jina la Visigino alilipata palepale ukumbini. Kila mnunuzi alipopanda pikipiki, mzee alipiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu, akatazama visigino vya mtu huyo kana kwamba anatafuta sindano. Kisha akachukua kipande cha boksi na kukipitisha chini ya nyayo. Kikipita kwenye kisigino, sawa, tunazungumza. Kikipita mpaka chini ya vidole, biashara imekufa, hata kama mteja ni shemeji yake meneja. Aliyefaulu hapo aliambiwa ailaze pikipiki chini na kuinyanyua peke yake, mara tatu, bila kusaidiwa. Wanaume wenye vifua vipana tumewaona wakitoka humu wakijidai wamesahau ufunguo nyumbani.

Hakuna aliyewajali wanunuzi wafupi na wageni wa pikipiki kuliko yeye. Sehemu nyingine mtu wa namna hiyo huuzwa chochote kilichobaki, akaambiwa atazoea. Mzee Visigino alikuwa na mpangilio wake: kwanza miguu, halafu uzito, halafu moyo, injini mwisho. Alisema pikipiki si sare ya shule, hununui kubwa ili ukue nayo. Aliyezoea anaweza kumudu kiti kirefu, kwa sababu akisimama hutelezesha kitako upande mmoja na kuegemea mguu mmoja. Anayejifunza hana ujanja huo. Akisimama kwenye mteremko anaitaka ardhi, na anaitaka papo hapo. Kwa hiyo alimchagulia kiti cha chini, mwili mwepesi, na injini ndogo ya cc 125 ambayo ukiikosea inakusamehe. Kisha alilegeza shokapu zilizokazwa kwa ajili ya mtu mzito, kiti kikashuka kidogo zaidi, na akausogeza mkono wa klachi mpaka vidole vifupi vikaufikia bila kujinyoosha.

Kuna mwalimu wa hesabu aliyekuja na karatasi aliyoandika urefu wa miguu yake, urefu wa kiti na kiasi ambacho kiti kingebonyea akikalia. Hesabu zote zilikuwa sahihi. Mzee alizisoma kwa heshima, akamrudishia, akamwambia mlima hausomi karatasi, panda. Alipanda, kipande cha boksi kikapita chini ya vidole. Yule mwalimu aliondoka na pikipiki ndogo ya kijani na mpaka leo anatuletea wanafunzi wake wa zamani. Yuko pia bwana mmoja aliyetaka kumnunulia mkewe pikipiki kubwa kwa sababu eti ile ndogo itawashushia heshima. Mzee alimwomba bwana apande yeye. Bwana mwenyewe vidole vikaning'inia. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu kuna kichekesho ambacho sisi wafanyakazi wote tumekirudia mara nyingi mno. Kwa miaka tisa sasa Mzee Visigino hampimi mtu mwenye viatu. Lazima uvue, ubaki na soksi, kama unaingia sebuleni kwa mama mkwe. Anakupima, anakuacha unywe maji, anakupima tena. Wakati mwingine anakuita kesho yake akupime mara ya tatu. Tumemtania kwamba uzee umemwingia machoni. Tumemwuliza kama tuanze kuosha miguu ya wateja na kuwapaka mafuta kabisa. Mimi mwenyewe nimeutoa utani huo mbele ya watu, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, na nikapigiwa makofi.

Chanzo cha kuvua viatu nakijua. Katika duka hili, kwa miaka tisa, nimekijua peke yangu.

Miaka tisa iliyopita muuzaji mmoja alikuwa na pikipiki moja iliyomganda ukumbini. Ilikuwa ndefu, nyekundu, kiti chake kikifika kiunoni mwa mtu wa kawaida, na ilikuwa imesimama pale miezi minane huku wenzake wakimwuliza kama ameioa. Nimeandika muuzaji mmoja kwa sababu ndivyo tunavyoandika makosa yetu humu jaridani. Lakini huo ni uoga uleule wa siku zote. Muuzaji huyo ni mimi.

Akaja daktari wa mifugo, binti mfupi, mwenye mikono ya nguvu kwa kazi ya kuvuta ndama. Alikuwa amejifunza kuendesha mwezi mmoja tu, na alihitaji pikipiki ya kumfikisha mashambani kusikofika gari. Kaka zake wawili waliendesha pikipiki ndefu, naye hakutaka kufika nyumbani na kile alichokiita kipikipiki. Mzee Visigino alikuwa amempima kwenye ile nyekundu, ikamkataa, akamchagulia ile ndogo ya cc 125, akamweleza vizuri, na binti akanuna. Mzee alipotoka kwenda kula, mimi nilimwita binti pembeni, nikamwambia arudi kesho, nitamsaidia.

Tulikuwa na buti za kujaribia, mali ya duka, za wateja wanaokuja na ndala. Jioni hiyo nilichukua kandambili za bafu la wafanyakazi, nikazikata kwa kisu cha karakana kwa kufuata umbo la soli, nikashindilia mapande mawili mawili ndani ya kila buti. Asubuhi nilimvisha binti. Alisema zinambana. Nikamwambia buti mpya ndivyo zilivyo, nikampandisha kwenye ile nyekundu. Mzee akapiga magoti, akainama, akapitisha kipande cha boksi. Kiligota. Alishangaa, akarudia, kikagota tena. Kuilaza na kuinyanyua hakukumsumbua binti hata kidogo, mikono ilikuwepo. Mzee alinigeukia akacheka, akasema jana huenda alikuwa na njaa. Akatia saini kadi ya vipimo. Mimi nikayatoa mapande ya kandambili nikayatupa pipani, na wiki nzima watu walilalamika nani ameiba kandambili za bafuni. Mama wa usafi akashukiwa, nami nikanyamaza.

Siku ya nne yule binti alisimama kwenye mteremko ili afungue geti la shamba. Alikuwa amevaa buti zake mwenyewe za mpira. Mguu ulitafuta ardhi haukuiona, na pikipiki ikamlalia. Ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Wenye shamba ndio waliomtoa, baada ya muda mrefu.

Mzee Visigino alikwenda hospitali siku hiyohiyo. Aliporudi alikaa akaandika ripoti kwa mkono wake, na ripoti hiyo ipo kwenye faili ambalo nimepewa ili niandike wasifu huu. Ina mistari mitatu. "Nilimpima mwenyewe, mara mbili. Jicho langu lilikosea. Binti huyu hana lawama." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee wakati anaandika. Ningeweza kusema pale. Nilijiambia nitasema kesho, binti akitolewa plasta, mambo yakipoa. Mambo yalipoa, na mimi nikapoa nayo.

Sasa msomaji ajue kilichopotea. Mwezi uleule duka lilikuwa linafungua shule ya waendeshaji wapya kwenye uwanja wa nyuma. Wazo lilikuwa la mzee. Alikuwa ameliomba miaka sita. Uwanja aliupima kwa hatua zake, vilima vya mazoezi alivichora kwenye daftari la kurasa mia mbili, pamoja na maelezo ya namna ya kumchagulia kila mtu pikipiki yake. Meneja alimpa ukuu wa shule. Alikataa. Alisema mtu aliyemvunja mtoto wa mwenzake mguu hawezi kufundisha watoto wa wengine. Akaomba arudishwe karakana, kwenye spoki. Tangu siku hiyo alipima wateja pale tu tulipomwita, na ndipo alipoanza kuwavua viatu, kwa sababu hakuwa tena na imani na macho yake.

Ukuu wa shule nilipewa mimi. Daftari alinipa kwa mikono miwili. Tuzo iliyotundikwa ukutani nyuma ya meza yangu, ile ya usalama wa waendeshaji, imetokana na daftari hilo, ukurasa kwa ukurasa. Wazazi wanaponishukuru kwa kuwachagulia watoto wao pikipiki zinazowafaa, nainama kwa unyenyekevu, na wao hudhani ni unyenyekevu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka tisa, na kila siku nilipita mlango wa karakana nikimsalimia shikamoo mzee, naye ananiitikia marahaba mdogo wangu.

Daktari wa mifugo alirudi kazini baada ya mwaka na nusu. Mzee ndiye aliyemwendea na ile pikipiki ndogo, akailegeza shokapu mwenyewe uwanjani kwao, akampima akiwa peku. Anaiendesha mpaka leo. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, anachechemea asubuhi za baridi. Nilimpigia simu wiki iliyopita nikamwambia kilichokuwa ndani ya buti. Aliniambia kwamba mzee humtembelea kila mwaka kumwomba radhi, kwamba yeye amemkataza na amechoka kumkataza, kisha akakata simu. Hajaipokea tena. Mama wa usafi naye nimemwendea. Yeye alinisamehe haraka mno, na hilo halikunisaidia.

Jumatatu asubuhi nilimfuata mzee karakana kabla wasifu huu haujachapwa. Alikuwa anakaza spoki za gurudumu la mbele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, mapande ya kandambili yalikuwa na unene gani. Nikaunganisha vidole viwili nikamwonyesha. Alivitazama vidole vyangu, akapiga hesabu zake kimyakimya, kisha akasema, "Kwa hiyo niliona sawasawa." Nikamwambia ndiyo, aliona sawasawa siku ya kwanza, na siku ya pili pia aliona kilichokuwepo. Akaweka spana chini. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ingawa haikuwa michafu.

"Ungeniambia hata mwaka jana, mdogo wangu," alisema. "Ningefundisha hata mwaka mmoja."

Tangu Jumatatu hajanisemesha, na sioni sababu ya yeye kunisemesha. Kwamba bado aliniita mdogo wake ndicho kinachoniamsha usiku. Nimemwuliza kupitia meneja kama wasifu huu uchapwe hivi au niandike ule wa kuchangamsha. Jibu lililokuja ni kwamba uchapwe hivi. Barua yangu ya kukiri imebandikwa kwenye faili lake juu ya ripoti ile ya mistari mitatu, na tuzo nimeishusha ukutani. Shule ya uwanjani itapata mkuu mwingine, naye atakabidhiwa daftari, likiwa na jina la mwandishi wake kwenye jalada kama lilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Wakongwe wetu wa kazi wamemwomba Mzee Visigino aje kufundisha hata siku moja kwa mwezi. Amesema atafikiria, na msimsukume.

Mzee Visigino, duka zima linakushukuru. Wako watu mtaani wanaotembea kwa miguu miwili mizima kwa sababu uliwakatalia walichokitaka, na wengi wao hawatajua kamwe. Wenzako wanakuombea afya, na siku ndefu za kukaa na mkeo na wajukuu. Mimi sistahili kukuombea mengi. Nakutakia usingizi ulionyimwa na ripoti ile, uupate wote, kuanzia leo. Nenda salama, mzee wetu. Mguu ule hukuuvunja wewe.