Fundi Mvua na Mashine Isiyoshika Kutu

Baba yetu, ambaye nusu yenu mlimjua kwa jina la Fundi Mvua tu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu kukereza vyuma mwaka 1970.

Alifanya kazi miaka thelathini na tano katika karakana ya pampu. Huko alijifunza kwamba chuma kikikatwa kikavu hupata moto na kuharibu kisu cha mashine, basi hakukata kitu bila kukimwagia maji yaliyochanganywa na mafuta, meupe kama maziwa. Nisiwafiche, kwa mambo mengine alikuwa na mkono wa birika. Kwa maji hayo, hapana.

Alimwoa mama yetu tarehe 6 Agosti 1977. Alipostaafu alinunua mashine kuukuu ya kukerezea, akaiweka chumba cha nyuma, jirani na jiko. Siku ya kwanza alipofungulia maji, yaliruka hadi jikoni yakalowesha nguo ambazo mama alikuwa ametoka kuzipiga pasi.

“Baba watoto, chagua! Mimi au huyo mke mwenzangu!”

“Nipe siku mbili.”

Akaizungushia mashine bati mbele na pembeni, nyuma akasahau. Mama ndiye aliyetundika huko kitambaa cha plastiki cha meza. Lakini mashine yenyewe hakuigusa.

Tarehe 3 Februari 2024 baba alipata kiharusi. Kilichomnyima usingizi si maumivu. Alihofu maji yatuame na kuoza, mashine ishike kutu, nasi tuiuze chuma chakavu. Naona haya kusema, mimi binti yake wa kwanza nilikwisha kumpata mnunuzi. Mama alinisikia nikizungumza naye. Jumamosi iliyofuata aliingia chumba cha nyuma, akachanganya maji mapya, yakafanya mabonge. Akampelekea baba ndoo kitandani.

“Mama watoto,” akasema kwa ulimi mzito, “mafuta ndiyo yanatiwa kwenye maji, si maji kwenye mafuta!”

Akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Toka hapo kila Jumamosi mama aliwasha pampu na kuifuta mashine, milango ikiwa wazi ili baba asikie.

Baba alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, maji yakitiririka.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Mnunuzi nimemwambia asije. Leo, kabla hatujatoka nyumbani, mama aliifuta mashine akaiambia, “Haya, mke mwenzangu, tumebaki wawili.”

Pumzika kwa amani, baba. Haina kutu.