Kocha Delbert Hruska, Aliyeomba Msimu Mmoja Tu

Mchungaji, ndugu, majirani, na makocha wenzake mliotoka mbali, mimi ni Marlys, mtoto wa kwanza wa marehemu, na mtaniwia radhi nikisoma nimeketi, maana tangu Ijumaa miguu hii hainitaki.

Marehemu baba yetu, Delbert Hruska, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 mjini Wilber, Nebraska, katika shamba la mahindi la babu, akasoma hapo hapo, akacheza futiboli ya Kimarekani mpaka goti likakataa, kisha akahitimu ualimu mjini Kearney mwaka 1970, akawa anafundisha historia mchana na futiboli jioni, ingawa sote tunajua ni ipi aliyoiota usingizini.

Alimwoa mama yetu, Lavonne, tarehe 12 Juni 1971, mwezi uliochaguliwa na ratiba ya mazoezi wala si na bibi harusi, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1973, na Kent tarehe 7 Oktoba 1977, Ijumaa, siku ya mechi, jamani, baba akaingia hospitalini na filimbi shingoni, akauliza uzito wa mtoto kabla hajauliza hali ya mama.

Kazi ilimpeleka miji tisa, ya Nebraska, Kansas na Dakota Kusini, kwani kocha akishinda anaitwa kwingine, akishindwa anafukuzwa, na kwa vyovyote wanaofungasha ni mke na watoto. Mji mmoja, ambao nitausitiri kwa kuwa baadhi yenu mmetoka huko na mmetuletea chakula, ulituchomekea uani vibao vya NYUMBA INAUZWA baada ya baba kupoteza mechi nne mfululizo, Mama akaving'oa akiwa na gauni la kulalia, akavichomea nyama. Kila nyumba Mama alipanda mtofaa, na hatukuwahi kula tofaa hata moja, maana tulihama kabla haujazaa, na kila mara baba alisema, "Msimu mmoja tu, Lavonne, halafu tunatulia."

Mwaka 2011 alistaafu, wakanunua nyumba hapa Seward, Mama akapaka jiko rangi ya njano, na mwaka uliofuata Kansas wakapiga simu wakitafuta kocha. Mama akamwambia, "Nenda, Delbert, mimi na masufuria yangu hatutoki tena," naye akaenda kweli, akaishi chumba cha kupanga miaka kumi, akija Krismasi kama mgeni.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akarudi nyumbani, Mama akafurahi kuwa naye, kisha akalia kwa aibu ya kufurahi. Alhamisi tarehe 14 Septemba, akiwa hawezi hata kushika kijiko, baba aliomba afungashiwe, ati timu inamsubiri. Nilichoka, nikamkemea, "Baba, hebu tuonee huruma!" Mama akaninyamazisha, akashusha sanduku, akakunja mashati ya baba, akakunja na magauni yake mwenyewe juu yake, akasema, "Haya mzee, safari hii twende wote." Baba akacheka, akalala, na asubuhi ya Ijumaa akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makocha wenzake, na wachezaji wake wa zamani mtakaombeba leo. Majirani mnaomsihi Mama agawe nguo za marehemu, asanteni sana, ila sanduku lile liacheni kwanza, nguo zao zimo pamoja, na hayuko tayari kuzitenganisha.

Pumzika, baba, kwa amani.