Fomu Nzima au Fomu Iliyovunjwa

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya geti la hospitali, jirani na meza yangu ya kushonea viatu. Bi Birika anauza kahawa, Mzee Faili, mstaafu wa masijala, anaikosoa huku anainywa, na Mitambo anatuelimisha tusipotaka. Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuziingiza fomu zote za wagonjwa kwenye kompyuta. Asubuhi ile alibakiza saa mbili awaonyeshe wakubwa kazi yake, akaja kifua mbele.

— Fomu inaingia nzima. Ilivyojazwa ndivyo inavyolala. Haba na haba hujaza kibaba, sasa kibaba kikishajaa unakivunja cha nini?

Bi Birika akaguna. Kwake yeye fomu ni ya kuvunjwa: majina yakae na majina, maradhi na maradhi, dawa na dawa. Mbona yeye anatenga vikombe na sukari, na mteja akiagiza anamkusanyia?

— Ukikosea kukusanya, mgonjwa wa jino atapasuliwa tumbo, Mitambo akamjibu.

Mzee Faili akasema wote wawili watoto wadogo. Enzi zake faili lilifungwa kamba, na yeye alilitambua kwa harufu. Alipoona hatujashtuka, akaongeza kwamba dawa ni kila mgonjwa akariri faili lake ndipo aruhusiwe kwenda nyumbani.

— Asiyeweza? nikauliza.

— Alale wodini mpaka aweze. Mvumilivu hula mbivu.

Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Mitambo, ili atuzibe midomo, akafungua kompyuta mapajani: andika jina, faili hilo hapo kabla hujameza mate. Kweli likatokea. Tukakubali, Bi Birika kwa shingo upande.

Ndipo muuguzi wa chumba cha upasuaji akatoka getini mbio akimtafuta Mitambo. Kuna mama anasubiri kupasuliwa; zamani dawa ya usingizi ilimvimbisha koo nusura afe, na jina la dawa halikumbuki. Daktari kakataa kushika kisu mpaka aijue. Mitambo akaandika jina la mama, faili likaja.

— Imo humu.

— Ukurasa gani?

Kurasa zilikuwa mia moja na arobaini, zimelala nzimanzima kama picha. Kompyuta ilijua jina la juu tu. Ya ndani mpaka usome mwenyewe. Bi Birika hakusema "nilikwambia", nami nilimshukuru moyoni. Mitambo akakumbatia kompyuta yake, akamfuata muuguzi.

Waliipata saa sita mchana, mstari mmoja wa mwandiko mbaya karibu na mwisho. Mama akapewa dawa nyingine, akapasuliwa salama. Wakubwa waliambiwa kazi bado. Jioni Mitambo akarudi na yule muuguzi, akampisha benchini, akafungua daftari jipya. Nikajua sasa tutaelimishwa.

— Dada, nyie mkija mbio vile, huwa mnatafuta nini?

Muuguzi akaketi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mitambo akaandika, wala hakumkatiza.