Mzigo wa Kwenda Rukanga

Nyuma ya stesheni ya Voi, pale ukuta wa ghala unapoanza kutoa kivuli saa nane mchana, palikuwa na taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na hapo ndipo wanaume fulani wa mji huu walipoumalizia mwaka wote wa sabini na nane. Usiniulize walikuwa na kazi gani. Kazi walikuwa nazo, kila mtu yake, ila kazi zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwasubiri wao. Mwinyi muuza kahawa akishafika na dele lake, vikombe vikishagawiwa, basi midomo ilifunguka mpaka jua likazama. Alhamisi hiyo hoja ilikuwa moja tu: Fanuel, fundi cherehani, kesho alfajiri anaondoka kwa miguu kwenda Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau, kumrudisha mkewe. Mzigo wake ulikuwa mbele yao hapo vumbini, na hakuna hata mmoja aliyeridhika nao.

Kisa chenyewe kila mtu alikuwa anakijua. Mtoto wa Fanuel, mchanga wa kubebwa, alishikwa na homa. Tryphena, mamake, akatuma mtu kijiweni kumwita baba. Fanuel akasema, “Nakuja sasa hivi,” akaja watu washakula cha usiku na kulala. Asubuhi yake Tryphena akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao kwa miguu. Kwenye barabara ya Maungu madereva wa malori walisimama wamchukue, akakataa kupanda. Baadaye kakake, Elijah, ndiye aliyeleta ujumbe: mtoto atabatizwa Jumapili. Baba yake akimtaka mkewe, awe kanisani siku hiyo, na aje kwa miguu kama yeye alivyokwenda. Akija na gari asijisumbue kushuka. Asipokuja kabisa, babu atasimama mahali pake, na mambo yaishe hapo.

Sasa mtu akipewa ujumbe kama huo, si aondoke? Fanuel alishona begi. Alilishona kwa amerikani ya gunia la unga, mikanda akaikata kwenye tyubu ya baiskeli, maana turubai ni nzito, na nguo za wateja zikakaa dukani bila vifungo wiki mbili nzima. Begi lilikuwa zuri, nisimnyime haki yake. Kosa lake lilikuwa kuja nalo kijiweni.

— Nipe hilo blanketi, alisema Wembe.

Wembe ni Philemon kinyozi, na jina walimpa kwa sababu hakuna kitu alichokiona asitamani kukipunguza. Mswaki wa Fanuel alikuwa ameshaukata mpini. Taulo lilikuwa limebaki la kufutia uso tu. Hata kichwa chenyewe cha Fanuel kilikuwa kimenyolewa juzi kikang'aa, ati nywele zikiloa jasho zina uzito.

— Blanketi la nini? aliuliza Fanuel.

— Nipe tu, bwana. Mbona linafika mpaka miguuni? Miguu si ina viatu?

— Kwani nitalala na viatu?

— Ukilala na viatu unaamka uko tayari. Hapo umeokoa nusu blanketi na muda pia.

Kabla Fanuel hajaweka kikombe chini alisikia mkasi, na ulikuwa mkasi wake mwenyewe wa dukani, kra, kra, kra. Alifumba macho. Alipoyafumbua blanketi lilikuwa vipande viwili, tena limekatwa upogo.

— Mnamuua huyu! Sajini alipiga goti lake kofi. Mnamuua mtu hivi hivi mchana! Kasigau asubuhi ukungu unashuka mlimani mpaka mifupa inaongea. Jeshini mtu hatoki bila kabuti!

Sajini ni Bernard. Aliwahi kuwa mpishi kwenye kambi ya askari, na tangu aliporudi hakuna anayeruhusiwa kusahau.

— Jeshini ulikuwa unachambua maharagwe, alisema Noah.

— Na waliokula maharagwe walikuwa wanatembea! Nikiwaona kwa macho yangu! Kabuti, panga, tochi, sufuria, kamba, filimbi.

— Filimbi ya nini?

— Ya ndovu.

— Kwani ndovu ni treni asimame kwa filimbi?

— Atashtuka. Akishtuka, wewe unapita.

— Akishtuka ndiyo anakukanyaga, mzee!

Noah huyo wanamwita Mizani. Kazi yake ni kupima vifurushi stesheni, na mfukoni hakosi mizani ndogo ya ndoana. Aliinuka, akapitisha ndoana kwenye mkanda wa begi, akaliinua begi juu huku jicho moja amelifunga.

— Kilo saba na robo.

— Uongo! Wembe aliruka. Jana ilikuwa sita! Na leo tumekata blanketi!

— Chuma hakisemi uongo. Saba na robo.

Wakalimwaga begi chini. Zikatoka nguo, ikatoka chupa ya maji ya bati, sukari, majani ya chai, na chini kabisa panga la Sajini limeviringishwa gazeti, na filimbi.

— Sajini!

— Mtanishukuru, alisema Sajini, akitazama upande wa reli.

Fanuel aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ni rafiki zake, wamekua pamoja, wamezikiana wazazi. Lakini kwa wiki mbili sasa kila akifunga begi wanalifungua, kila akilifungua wanalifunga, na yeye anakuja tu hapa kila mchana kama aliyerogwa.

— Jamani, niacheni, alisema. Anayetembea ni mimi, si nyinyi.

— Wewe unatembea, alisema Wembe, lakini sisi ndio tunaofikiri. Haya, hii sukari.

— Sukari usiguse.

— Sijasema natupa. Nasema tupunguze.

— Wembe, hiyo ni ya mama mkwe. Nitaingia ukweni mikono mitupu? Mambo yalivyo?

Hapo hata Sajini alimuunga mkono. Alisema mkwe aliyekosa akaenda bila sukari na majani ya chai, wazee wa Rukanga watamwacha nje na mbwa, na kusema kweli mbwa ndio watakuwa na adabu kumzidi. Mizani alifikiri kidogo, akasema kuna njia: sukari iingie kwenye mifuko ya suruali. Ikiwa mfukoni si mzigo tena, ni nguo.

— Na mvua ikininyeshea?

— Mvua gani? Toka Maungu mpaka ukweni hakuna hata umande, na hapo ndipo shida yako ilipo. Maji!

Basi wakaingia kwenye maji, na hapo nusura wapigane. Maungu kuna bomba. Ukishaiacha barabara kuu pale ukakata porini, hakuna bomba, hakuna mto, ni michongoma na ng'ombe wa watu mpaka uuone mlima. Sajini alitaka madumu mawili, moja mbele moja nyuma, yasawazishane. Wembe alicheka mpaka akakohoa.

— Madumu ya nini? Anafika Maungu, anafungua bomba, anakunywa mpaka basi. Maji yakiwa tumboni hayana uzito.

— Nani kakwambia?

— Wewe umeshawahi kumbeba mtu aliyeshiba ukaona tofauti?

— Kilo ni kilo! Mizani alisimama. Iwe tumboni, iwe mgongoni, iwe kichwani, kilo ni kilo!

— Nakuonyesha sasa hivi.

Na kabla mtu hajamzuia, Wembe aliinua ndoo ya Mwinyi ya maji safi, akainywa. Aliinywa yote. Mwinyi, mtu mpole wa kuswali swala zake tano, alisimama ameshika kikombe kichafu mkononi, akasema:

— Maji yangu hayo, Philemon. Ya kusuuzia vikombe. Nimeyachota mwenyewe, Mungu anakuona.

— Sayansi hii, Mwinyi. Vumilia.

Wembe akaanza kulizunguka taruma kuonyesha alivyo mwepesi. Kila hatua tumbo lilikuwa linasema kochokocho, mpaka Sajini akageuka asicheke. Mizani alitaka kumpima, lakini mizani yake inaishia kilo ishirini, kwa hiyo hoja ilibaki hewani.

— Mimi nina dawa, alisema Mizani akikaa. Mbuzi.

— Mbuzi?

— Sikiliza. Chakula kizito ni kwa sababu wewe unakibeba. Lakini mbuzi ni chakula kinachojibeba chenyewe! Unamfunga na chupa ya maji shingoni. Ukifika ukweni unawakabidhi. Hapo una chakula, una mchukuzi, una zawadi.

Wote walimtazama kwa heshima, hata Fanuel, Mungu amsamehe, akajikuta ameshamwona mbuzi mwenyewe, mwekundu.

— Na mbuzi atakunywa nini njiani? aliuliza Sajini.

— Ile ya shingoni.

— Basi Fanuel atakunywa nini?

— Tunaongeza punda, alisema Wembe, bado anazunguka. Wa kubeba maji ya mbuzi.

— Na punda hanywi?

— Ee, jamani! Fanuel alipiga kelele mpaka kuku wa stesheni wakatawanyika. Jumapili mtoto wangu anabatizwa! Mimi naondoka kesho! Mnaniambia habari za punda?

— Kesho gani? alisema Wembe. Kesho hauko tayari. Tazama vitu viko chini. Ondoka Jumamosi.

— Nikiondoka Jumamosi Jumapili nitafikaje?

— Kwa mzigo mwepesi? Utakimbia!

— Wembe ana maneno, alisema Sajini. Siku moja zaidi, tunamalizia vizuri. Kabuti langu nitakutafutia.

Kilichomuudhi Fanuel kuliko yote hakikuwa hao. Ni kwamba alikuwa anafikiria kweli. Siku moja zaidi, si mbaya. Mkanda mmoja wa begi ulikuwa unasugua bega, angeushonea kitambaa. Akajichukia kwa wazo lile, na wazo lisiondoke.

Wakati huo ndipo alipofika Thadeus, karani mpya wa posta, kijana mtaratibu aliyehamishwa juzi kutoka Wundanyi na ambaye hakuwa bado na mahali pa kukaa mchana. Alisalimia kila mtu, mkono kwa mkono. Wakamsogezea nafasi, akakaa mwisho wa taruma, Mwinyi akampa kikombe kilichofutwa kwa kitambaa kwa kukosa maji. Thadeus akatazama vitu vilivyotapakaa chini, nusu blanketi hapa, panga pale, mswaki wa kidole kimoja. Sajini akamweleza mambo yote toka mwanzo, homa, ujumbe, ubatizo, na alipofika kwenye kabuti akaeleza mara mbili.

Thadeus alisikiliza mpaka mwisho. Akapuliza kahawa.

— Samahani, wazee wangu, nataka tu kuelewa, alisema. Huyo mama naye alikwenda kwa miguu?

— Njia hiyo hiyo.

— Sasa yeye alibeba nini?

— Mtoto, alisema Wembe haraka.

— Ndiyo, mtoto. Na kingine?

Wembe akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Sajini. Kisha wote watatu wakamgeukia Fanuel, maana mke ni wake.

Fanuel akafungua mdomo. Blanketi hili lililokatwa ndilo walilokuwa wakijifunika, yeye na Tryphena, kumbe halikwenda. Chupa ya bati ile pale, imelala vumbini. Hata hiyo haikwenda. Nyumbani hakuna chupa nyingine. Sufuria zote zimo. Leso moja haipo, na hiyo ndiyo ya kumfungia mtoto. Akakumbuka viatu vya Tryphena, vile vyeusi vya mkanda. Juzi alipokuwa akitafuta futi ya kupimia begi alivisukuma kwa mguu chini ya kitanda, akaona vinamzuia, akavisukuma tena. Je, alikuwa na viatu vingine? Wameoana miaka minne na yeye hajui. Hajui kama alikunywa maji pale Maungu. Hajui usiku ule alilala wapi na mtoto mwenye homa, na wala hakuwahi kumuuliza Elijah.

— Sijui, alisema.

Sajini alianza kusema, “Labda ali…” akaishia hapo. Wembe aliacha kuzunguka. Thadeus wa watu akadhani amesema vibaya, akaanza kuomba radhi, Mwinyi akamshika bega anyamaze.

Fanuel alisimama. Akaokota sukari na majani ya chai, akaokota chupa ya bati. Akaitikisa, ilikuwa tupu, akaitia kwapani hivyo hivyo.

— Unakwenda wapi? aliuliza Mizani.

— Rukanga.

— Si kesho alfajiri?

— Naenda sasa.

— Wewe, saa tisa hii! Sajini alipaza sauti. Giza litakukuta hujaona Maungu! Na begi? Fanuel! Hata blanketi? Nusu si unayo, chukua basi hiyo nusu!

Wembe alilikamata begi akalikung'uta vumbi, akaanza kulijaza haraka haraka kila kilichokuwa chini, panga, filimbi, vipande vyote viwili vya blanketi, akakimbia nalo hatua kumi, maji yakimcheza tumboni, akasimama ameshika mbavu.

— Ngoja basi tukupimie hiyo sukari! aliita Mizani.

Fanuel alikuwa ameshavuka reli.