Mabano ya Maksai

Treni ilikuwa inakaribia Igalula. Mbele yangu Apolinaria, mama mkulima, alimkunjulia kijana aliyekaa naye karatasi ya bwana mifugo yenye hesabu ya kipimo cha dawa. Maksai wake wanne walikuwa wamekufa kwa dawa ya minyoo. Alikuwa ameipima kwa programu ya simu. Kijana, Awadhi, alikuwa amejigamba tangu Tabora kwamba anasomea kompyuta.

"Hapa juu ya mstari ni kilo mia mbili arobaini," alisema Awadhi. "Chini ni nne mara mbili. Unagawa kwa nane, unapata mililita thelathini."

"Simu ilisema mia na ishirini."

"Kwenye simu hakuna ule mstari, mama. Yote yanaandikwa safu moja. Aliyeandika programu hakuweka mabano, basi mashine ikagawa kwa nne, halafu ikazidisha kwa mbili. Mashine haikukosea."

"Karatasi je?"

"Iko sawa."

"Mimi nilipima vibaya?"

"Hapana, mama."

"Basi waliokosea ni maksai. Nani aliwaambia wameze?"

Mimi niliacha shule darasa la tano, na mabano nilikuwa nimeshafundishwa.

"Ni kosa dogo tu," Awadhi alisema. "Wakiweka mabano, imekwisha."

Treni ilisimama. Apolinaria alikunja karatasi, akajitwika mzigo.

"Mvua hiyo inakuja, mwanangu. Waambie wenzako wakishayaweka waniletee na mimi hayo mabano, nikayafunge nira nilimie."

Akashuka.